Tembo Ana Setelaiti, Mimi Nina Debe

Huku kwetu Nachingwea yuko tembo jike ambaye alipo panajulikana saa zote. Akilala, inajulikana. Akiamka kwenda kunywa maji, inajulikana. Shingoni amefungwa mkanda wenye kidude ambacho watu wa maliasili wanakiita kisukuma mawimbi. Kidude kinarusha habari zake juu kwenye setelaiti, setelaiti inazishusha kwenye kompyuta, na mtaalamu aliyeketi Arusha, ambaye huenda hajawahi kufyonza bibo maishani mwake, anaona kwenye ramani kwamba mama huyo yuko pande za Kilimarondo na sasa anaelekea mashariki. Mashariki ndiko iliko mikorosho yangu.

Mimi sasa. Raia, mlipa kodi, mwenye namba ya NIDA yenye tarakimu 20 ambazo nimezikariri kuliko tarehe ya ndoa yangu. Nikipotea leo kati ya Nachingwea na Ruangwa, kikosi kitakachonitafuta ni shemeji yangu na mbwa wake, na shemeji kwanza atauliza kama niliondoka na ile baiskeli yake.

Msije mkasema namwonea wivu mnyama. Ninachosema ni kwamba kila mtambo wa kisasa uliobuniwa kutulinda una kichwa na una mkia. Kichwani kuna viyoyozi, kuna skrini, kuna wataalamu waliosoma mpaka ng'ambo, kuna semina yenye chai na sambusa. Mkiani yuko mtu mmoja, kasimama gizani, kashika debe. Bajeti ikisomwa, ya kichwa inasomwa yote. Ya mkia, hata betri za tochi mtu anajinunulia.

Tembo wenyewe si wageni. Mwaka 1976 ikolojia ya Selous ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya laki moja. Majangili wakafanya yao, na sensa ya mwaka 2013 ikawakuta kama 13,000 tu. Serikali ikakaza kamba, sehemu kubwa ya Selous ikageuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, milio ya bunduki ikapungua porini, na tembo, ambao hakuna aliyewasomea mipaka, wakaanza kutembea. Liwale, Nachingwea, Ruangwa, Tunduru: kote huko siku hizi ukisikia matawi yanavunjika usiku, usidhani ni mwizi. Omba awe mwizi.

Basi TAWIRI, hao watafiti wa Arusha, pamoja na TAWA, mamlaka ya wanyamapori yenye makao yake Morogoro, wakaja na akili mpya. Huwezi kumvisha mkanda kila tembo, lakini familia ya tembo inaongozwa na bibi, na akienda bibi wote wanakwenda. (Sisi Wamwera hili halikutushangaza. Ukoo wetu nao unafuata upande wa mama na hakuna aliyehitaji helikopta kuligundua.) Wanamtafuta bibi huyo, wanamdunga sindano ya usingizi kwa bunduki maalumu, wanamfunga mkanda, wanamwamsha, wanatimua mbio. Kisha kwenye kompyuta wanachora uzio, uzio usio na nguzo wala waya, mstari tu. Bibi akiuvuka, simu ya mhusika inalia. Ni jambo la akili kweli. Nimelieleza mara nyingi kijiweni na limenipatia heshima ambayo korosho hazijawahi kunipatia.

Haya, simu imelia. Hapo ndipo mkia unapoanza. Mhusika anampigia askari wa wanyamapori. Askari yuko kijiji cha tatu, anahangaika na kundi jingine ambalo bibi yao hana mkanda. Anampigia mtendaji wa kijiji. Mtendaji yuko msibani, simu yake ameiacha ichajiwe kwa jirani mwenye sola. Jirani anapokea, anasema, “Huyu si mtendaji, huyu ni jirani,” anaandika habari yote kiganjani kwa kalamu. Mtendaji anarudi, anasoma kiganja cha jirani, anampigia mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti naye salio alilonalo ni la kubipu. Ananibipu mimi. Mimi simu haina chaji tangu magharibi. Habari iliyokwenda mbinguni na kurudi kwa muda mfupi kabisa inanifikia saa nane usiku kwa miguu: mtoto wa mwenyekiti, anahema, anagonga mlango. “Mjomba, shikamoo. Baba anasema utoke na debe.”

Nikatoka na debe. Nalisifu debe kwa haki: halina betri, halidai kuhuishwa kila mwezi, wala hakuna mdukuzi wa nchi yoyote anayeweza kuliingilia. Tatizo lake ni moja, tembo amelizoea. Zamani ukiligonga mara tatu anaondoka. Siku hizi anageuza sikio, anasikiliza mdundo mpaka mwisho, kisha anaendelea kula.

Wapo wanaokuja na ndege nyuki, zile ndege ndogo zisizo na rubani. Hizo tembo anaziogopa kweli, na sababu inayotolewa na watafiti inachekesha: huenda mlio wake anaudhania ni kundi la nyuki. Zilijaribiwa Tarangire na Serengeti, tembo wakatoka mkuku. Kwa hiyo fedha yote ile imeingia kwenye kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kumuigiza mdudu ambaye marehemu baba yangu alikuwa na mizinga yake juu ya miti na hakumlipa hata senti. Na nyuki wa baba hakushushwa chini kila baada ya nusu saa abadilishwe betri.

Kuna mabomu baridi, yanayopiga kishindo bila kudhuru. Kuna kamba za kuzungushia shamba, zinapakwa oili chafu iliyokorogwa na pilipili. Tembo hapendi harufu ile. Hata mimi siipendi, na ndiye ninayeipaka, upepo wa kusi ukinigeukia usoni.

Shamba likishaliwa, unaingia mlango mwingine. Serikali ina malipo yake: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au ndugu wa aliyeuawa. Kwa kanuni za mwaka 2011, shamba lilipimwa umbali wake kutoka mpaka wa hifadhi, na ekari ikalipwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000. Aliyekuwa karibu zaidi alipata kidogo zaidi, maana yake alijitakia. Roho ya mtu ilikuwa shilingi milioni moja. Hapo sitanii, na wala hapachekeshi. Kinachonitoa jasho, kabla hata ya kufutwa, ni suala la ushahidi. Safari nzima ya yule bibi imeandikwa kwenye kompyuta, mahali na saa, na mimi bado nazunguka shambani alfajiri nikipiga picha nyayo kwa simu yenye kioo kilichopasuka, niwahi kabla mvua haijazifuta.

Tutoke porini, tuje kwenye vidole.

Mwaka 2019 tulitangaziwa kwamba laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na mwisho ukaja kuwa tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa njema: anayekutapeli ajulikane ni nani, maana kidole hakidanganyi. Aliyesema hivyo hajafika kwetu msimu wa kubangua. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Mwanamke aliyebangua kwa mkono tangu usichana wake, ncha za vidole zimekuwa nyororo, zinang'aa, mstari hata mmoja haupo. Serikali inataka alama, na alama zilishauzwa zamani pamoja na korosho, kwa kilo.

Bibi yetu mmoja wa mtaani alikwenda kusajili kwa vijana wa laini, wale wanaokaa chini ya mwavuli. Akaweka kidole gumba kwenye kimashine. Kikakataa. Akaweka cha shahada. Kikakataa.

“Bibi, bonyeza kidogo.”

“Mwanangu, nikibonyeza zaidi ya hapa utanidai kimashine chako.”

“Basi kipakaze kwenye nywele, bibi, kipate mafuta.”

“Nywele zangu na serikali wapi na wapi?”

Vyote kumi vikajaribiwa. Kijana akafuta kimashine kwa fulana yake, akajaribu tena, akatikisa kichwa. “Bibi, mfumo haukutambui.”

“Hata mimi siutambui,” bibi akamjibu. “Ndiyo kwanza tunakutana.”

Laini yake ikaishia kusajiliwa kwa vidole vya mjomba wangu. Mjomba vidole vyake ni vya kipekee, mashine inavikubali mara ya kwanza. Habari zikaenea. Ukoo mzima ukaja, na majirani, na mtu mmoja ambaye mpaka leo hatujui alikuwa nani ila alisalimia vizuri. Matokeo yake, kwa macho ya wenye kompyuta, mjomba ni kiumbe wa ajabu: wakati mmoja huo huo anauza vitumbua Ruangwa mjini, anasoma kidato cha nne, anaendesha bodaboda Mbekenyera, na kila Ijumaa jioni anampigia mume wake aliyeko Kariakoo. Wachambuzi wa usalama wakiletewa faili lake watahitimisha kwamba huu ni mtandao wa kimataifa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanasema upige *106#, uhakiki laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na zile usizozitambua uzifute. Mjomba amehakiki. Anazitambua zote, na anajua kila mmoja anadaiwa nini na nani.

Oktoba ikikaribia, usalama wa mtandao unakuwa habari ya kila kibaraza, kwa kuwa korosho zimeanza kudondoka. Enzi za nyuma mwizi wa mkulima alikuwa kangomba. Anakuja wakati njaa imekubana, na bakuli lake, anakupa hela kidogo na kujihesabia korosho zikiwa bado maua. Alikuwa mbaya, lakini alikuwa na sura, na ukikutana naye sokoni uliweza kumtazama mpaka aone aibu. Sasa tunauza kwa stakabadhi ghalani, kupitia chama cha msingi na RUNALI, chama kikuu kinachotuunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mnada unapita kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa. Mnunuzi anabonyeza alipo, bei zinatokea kwenye skrini, wakulima wamekaa chini ya kivuli wanatazama, kisha wanakubali au wanazikataa. Mambo ya barua za zabuni kufunguliwa huku watu wakitazamana kwa mashaka yamepungua. Hili nalisifu, nisije nikaonekana nanung'unika kwa tabia. Skrini haina shemeji.

Ila hela ikishalala benki, anaingia kangomba mpya. Huyu hana bakuli wala sura. Watu wanadhani anadukua mitambo, anavunja funguo za siri kwa hesabu za juu. Hadukui kitu. Anasikiliza taarifa ya habari kama wewe: mnada umefanyika Ijumaa, malipo ndani ya siku kadhaa, basi wiki ijayo Lindi na Mtwara simu zitapokelewa na watu wenye fedha. Anapiga namba yoyote. “Ile hela nitumie kwenye namba hii, ile nyingine ina shida.” Na kwa kuwa huku kila mtu ana hela anayopaswa kumtumia mtu, kati ya kumi atampata mmoja ambaye alikuwa njiani kwa wakala. Au anajifanya mwalimu: mwanao ameanguka shuleni, tumemkimbiza hospitali, daktari anataka fedha sasa hivi. Mzazi gani ataanza kuuliza jina la daktari?

Nimekaa nikalifikiria jambo hili kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa umri wangu, na nimeona silaha kubwa ya tapeli ni adabu. Tapeli anaanza na shikamoo. Anauliza habari za nyumbani, anangoja jibu. Anauliza mvua huko vipi. Huduma kwa wateja ya makampuni inaanza na sauti ya mashine inayokuamuru ubonyeze moja, kisha inakupigia muziki mpaka salio linakata tamaa. Sasa mzee wa miaka 70 aliyelelewa vizuri, akipigiwa na hawa wawili siku moja, amwamini yupi?

Sheria tunazo. Ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 na ikaanza kazi Mei 2023, na imeundiwa tume yake. Ukipata ujumbe wa kitapeli unautuma 15040, bure. Mimi huutuma. Ni kazi ya mwenye debe, nimeshakubali. Lakini sheria ya mtandao inamkuta bibi akiwa kwa wakala, foleni ndefu, anasema kwa sauti ya kumshinda mpiga debe wa stendi: “Mwanangu nisaidie kubonyeza, namba yangu ya siri ni mwaka wa uhuru.” Foleni nzima inaitikia kwa kichwa. Nusu yao namba yao ni hiyo hiyo.

Na hapo ndipo roho inaponiuma kihistoria, kwa sababu Nachingwea hii hii iliwahi kutunza siri ya jeshi zima. Miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji, kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO ilikuwa hapa, Farm 17, kwenye lililokuwa shamba la karanga la Waingereza. Samora Machel mwenyewe alikuwa hapa na wapiganaji wake, na Wareno ng'ambo ya Ruvuma walikuwa na ndege na wapelelezi. Hapakuwa na nywila. Jaribu leo kumuuliza mzee wa rika lile kule kambini kulikuwa na nini. Atakutazama, atatazama mlango, atakwambia, “Kule? Kule palikuwa na shamba.” Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mzee bado hajaarifiwa rasmi kwamba anaruhusiwa kusema. Hao ndio wahenga wa watu wanaoandika namba ya siri kwa kalamu ya wino ndani ya mfuniko wa simu, karibu na betri, “isije ikasahaulika.”

Nikitaja karanga, nitaje na reli. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, na kwa ajili yake ikajengwa reli kutoka Mtwara mpaka hapa kwetu. Karanga zikakataa. Mpango ukafa mwaka 1951, reli ikabaki ikitafuta mzigo, mwaka 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Tuna kata inaitwa Stesheni, na ukitaka kungoja treni pale hakuna atakayekusumbua. Hiyo ndiyo miundombinu pekee ya Kusini ninayoweza kuithibitishia usalama wake: haiibiwi nati, haikatwi waya, haidukuliwi.

Iliyobaki inaguswa na kila kitu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam huko Kilwa, Somanga na Matandu, malori yakalala foleni. Hatujamaliza kulalamika, tarehe 12 Mei nyaya mbili za intaneti zilizolala chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikaanza kuibembeleza intaneti. Nilikuwa nadhani intaneti iko hewani. Kumbe iko chini ya bahari, na chini ya bahari hakuna mgambo.

LUKU nayo ina hadithi yake, na hii ninaipenda kwa kuwa kosa si la mtu yeyote aliye hai karibu. Mita hizi za umeme wa kulipia kabla, hapa na nchi nyingine nyingi, zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kuandika hesabu hiyo inaishia dakika milioni 16 na laki saba na ushee, na ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isingeboreshwa kabla ya hapo, ingekataa umeme mpya. Basi wahandisi wa nchi mbalimbali wakajipanga kwa miaka, funguo za siri za mamilioni ya mita zikabadilishwa, kazi kubwa ya usalama ambayo hata filamu haijatengenezewa. Hatua yake ya mwisho ilikuwa kidole cha shangazi yangu. Wakati huo ukinunua umeme uliletewa makundi matatu ya namba, kila kundi tarakimu 20. Mawili ya kuiboresha mita, la tatu ndilo lilikuwa umeme wenyewe. Mita ya shangazi iko ukutani juu ya kabati la vyombo. Yeye juu ya kigoda na tochi mdomoni, mimi chini na simu.

“Tano, tisa, sifuri, nne...”

“Sifuri au herufi O?”

“Shangazi, mita haina O.”

“Usinifokee, nimekulea.” Tochi ikaanguka. “Anza upya.”

Kwenye mabasi ndiko nilikokata tamaa kabisa. Yamefungwa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wanaona basi liko wapi na linakimbiaje, na dereva akipita 80 kwa saa kunatoka kelele mle ndani ya kuamsha maiti. Nilikuwa kwenye basi moja la kuja Kusini, tumepita Rufiji, kelele ikaanza. Nikashukuru: sasa watu watamkemea dereva. Mama wa kiti cha mbele akasimama kweli, akainua sauti. “Dereva! Hebu zima hicho kidude, mtoto ndiyo kwanza amelala!” Basi zima likamuunga mkono. Ukutani pamebandikwa namba ya bure ya kuripoti, na mwenye begi kubwa alikuwa amelitundika juu yake.

Mwaka huu kijiji chetu kimeamua na chenyewe kiwe cha kisasa. Limefunguliwa kundi la WhatsApp la ulinzi shirikishi, linaitwa TAHADHARI TEMBO, picha yake ni simba, kwa kuwa aliyelifungua hakupata ya tembo haraka. Yumo kila mwenye simu janja, na ndugu walioko Dar es Salaam, na binamu wawili walioko Muscat ambao tembo akitokea watasaidia sijui vipi.

Usiku wa mkasa nimeuhifadhi. Saa tatu na dakika kumi, mtu wa bondeni kaandika: “Tembo wapo kisimani wanapanda juu.” Ujumbe mzuri, mfupi, una mahali, una mwelekeo, kisukuma mawimbi hakiwezi kuushinda. Dakika moja baadaye binamu wa Muscat: “Poleni sana.” Ikafuata picha ya ua, Ijumaa Njema, na ilikuwa Jumatano. Kisha mtu kauliza timu yetu ya Namungo inacheza lini. Hapo kundi likaamka. Zikashuka hoja juu ya penalti moja ya uwanja wa Majaliwa, picha zenye mishale, matusi mawili, suluhu moja. Katikati mtu kaweka orodha ya michango ya harusi, na kila anayeahidi anainakili orodha yote upya na kujiongeza mwisho. Mwenyekiti akatuma sauti ya dakika nne akikataza kuweka mambo yasiyohusu tembo, na watu wakaijibu kwa dole gumba. Ukitaka kurudi kwenye ule ujumbe wa kisimani, unapandisha mpaka kidole kinaingia ganzi. Tembo wakati huo walishamaliza mihogo ya bondeni na walikuwa kwangu, wanachagua mabibo yaliyoiva na kuyaacha mabichi.

Ukaitishwa mkutano. Azimio: kuanzia sasa kundi lifungwe, aandike msimamizi tu. Tulipotaka kulifunga ndipo ikajulikana kwamba kundi lilisajiliwa kwa namba moja ya zile za mjomba, na si ile anayoitumia mjomba. Ni ya yule dada wa vitumbua wa Ruangwa mjini. Mtendaji akataka ahamishiwe usimamizi, dada akasema yeye hajui kuhamisha na sokoni hana muda wa kufundishwa. Ndiyo hali ilivyo mpaka leo. Ukiona tembo kijijini, unampigia muuza vitumbua Ruangwa, anafuta mikono, anatutangazia. Hajachelewa hata mara moja, maana anaamka kukoroga unga wakati sisi wote tumelala. Wiki iliyopita saa kumi alfajiri aliandika kwamba tembo watano wako njia ya mtoni, na mstari wa chini yake akaandika kwamba mafuta ya kupikia yamepanda, kitumbua sasa ni shilingi mia mbili. Kundi likafunguliwa kwa dharura, maana watu walikuwa na hoja. Kuhusu tembo aliandika mtu mmoja. Kuhusu vitumbua bado tunajadiliana.